Viatu vilivyokaa mlangoni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia alfajiri. Umeniuliza: "Mama, mbona nikiwa na amani nakimbia mara nne kwa wiki, lakini mawazo yakinizidi viatu vinakaa mlangoni wiki tatu, wakati ndipo ninapovihitaji? Nimekuwa mvivu?"

Hapana, mama. Hujawa mvivu.

Mtu mwenye msongo wa mawazo mwili wake haupumziki hata akiwa amejilaza. Homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, zinapanda, mabega yanakaza, usingizi unakatika-katika. Unaamka umechoka kweli, si kwa kujisingizia. Tena akili iliyochoka huongeza uzito wa kazi. Watafiti waliwahi kuwachosha watu akili kwanza, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Waliacha mapema kuliko siku ambayo akili zao hazikuchoshwa, ingawa moyo na mapafu yao vilifanya kazi vilevile. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi ugumu. Basi ukisimama mlangoni ukaona mbio za nusu saa kama mlima, hujidanganyi.

Na wewe ni msichana. Kabla hujatoka unapima mambo ambayo kaka yako hayapimi: saa hii ni salama? Nani atanitazama, atasema nini? Siku ambayo moyo ni mwepesi unayajibu upesi na kwenda. Siku ambayo moyo ni mzito, swali moja tu linatosha kukurudisha kitandani.

Lakini kuna jambo sijawahi kukueleza vizuri. Nilipokuwa na umri wako uchumba wangu ulivunjika, na mimi sikuacha mazoezi, nilizidisha. Nilikimbia asubuhi na jioni, nikila kidogo, na watu wakinisifu kwa kupungua. Hedhi ikakata miezi mitano, nikafurahi kupumzika nayo. Kisha maumivu yakaanza mbele ya mguu, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Daktari alipabonyeza, nikapiga kelele. Swali lake la kwanza halikuhusu mbio. Aliniuliza, "Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoutuma hupunguza estrojeni, ile homoni ya kike, na estrojeni ikipungua mifupa inadhoofika. Ndiyo maana ungeniambia huwezi kukosa mazoezi hata siku moja, ningeogopa zaidi kuliko ninavyoogopa hizo wiki tatu.

Sasa ufanye nini? Usizilipe hizo wiki. Hazidaiwi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo. Dakika tano zinahesabiwa. Kwa hiyo vaa viatu, tembea hadi kona, rudi. Ukijisikia kuendelea, endelea kwa mwendo unaokuruhusu kuongea bila kuhema. Usipojisikia, ingia ndani ukaoge, na siku hiyo imetosha. Weka saa ileile kila siku, ili usihitaji kuamua upya wakati kichwa kimejaa.

Kama uzito huu umefika wiki mbili mfululizo, na hata vile unavyovipenda havikupi raha tena, hapo hatuongelei mazoezi tena. Tutamtafuta mshauri au daktari, na nitakaa nje ya mlango nikikusubiri.

Kesho jioni nipigie simu ukiwa umeshavaa viatu. Tutaongea ukitembea. Hata usipokuwa na la kusema, nitasikia hatua zako.

Mama yako