Moshi wa 9 mm na vichwa vya kupakwa: anza na baruti, si rangi

Ndugu yangu wa Jinja uliyeko Pretoria, nimesoma swali lako. Unajaza mwenyewe risasi za bastola ya 9 mm, vichwa vyako ni vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi ya polima, na ukipiga mfululizo ndani ya banda la shabaha moshi unakuziba macho. Wenzako klabuni wamekushauri uachane navyo ununue vilivyovikwa koti la shaba. Usiharakishe. Nilifanya kazi ya ulinzi huko huko kabla ya kurudi Kampala, nikajaza risasi za namna hiyo kwa miaka, na kwa nilivyoona mimi rangi inasingiziwa sana.

Zamani kichwa kitupu kilipakwa nta au mafuta ili madini yasigande ndani ya mtutu, na nta ile ndiyo iliyotoa wingu. Rangi imechukua kazi ya nta. Kwa hiyo kama unapaka mafuta juu ya kichwa ambacho tayari kina rangi, acha leo. Safisha pia dai, kile kifaa cha mashine ya kujazia kinachokalisha kichwa gandani, maana nta ya zamani hujikusanya mle na kupaka kila kichwa kinachopita.

Sasa baruti, na hapa ndipo penye kazi. Kuna ya besi moja, nitroselulosi bila nitrogliserini, na ya besi mbili iliyoongezwa nitrogliserini. Ile yenye nitrogliserini nyingi na inayowaka haraka hutoa moto mkali mno. Moto huo unakilamba kitako cha kichwa, rangi inaungua, nawe unauona mbele ya macho yako. Watu wanaipenda kwa sababu unatia kidogo na kopo linakaa. Kwa koti la shaba sina ugomvi nayo, ila kwa vichwa vya kupakwa mimi naiacha dukani. Niliyotulia nayo ni Vihtavuori N320, ya besi moja. Bei yake inauma, lakini tofauti unaiona siku ya kwanza. Alliant Sport Pistol nayo imetengenezwa kwa kuwafikiria watu wa vichwa vya kupakwa. Nunua kopo dogo, jaza chache, ulinganishe na zako za sasa katika banda lilelile na mwanga uleule. Taa ikikutazama usoni, hata moshi mwepesi utauona mzito.

Kabla ya kununua chochote, okota maganda ya risasi ulizopiga uyaangalie. Ganda likiwa na masizi meusi yanayoshuka ubavuni kutoka mdomoni, presha ilikuwa ndogo: ganda halikutanuka vizuri kuziba chemba (tundu la bastola inamokaa risasi), gesi ikarudi nyuma. Baruti iliyokosa presha huwaka kama kuni mbichi, punje nyingine zinatoka mtutuni hazijaisha. Dawa yake ni kupanda polepole ndani ya vipimo vya kitabu cha mtengenezaji, kwa uzito na umbo la kichwa chako hasa. Usivuke kiwango cha juu kwa ajili ya moshi, afande, hata kama jirani yako amevuka na bastola yake bado nzima. Na usikizamishe kichwa zaidi ili kupandisha presha. Ganda la 9 mm ni dogo, presha inaruka ghafla.

Kuna njia ninayoipenda zaidi: kichwa kizito. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, daraja dogo linadai kipimo cha 125, yaani uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) mara kasi kwa futi kwa sekunde, ugawe kwa 1,000. Kichwa cha greni 124 kinahitaji kama futi 1,030 uwe salama. Cha greni 147 kinafika kwa futi 870. Kasi ndogo, na kwa kawaida baruti kidogo ya kuunguza. Lakini anza upya na ukurasa wa 147 kitabuni, usihamishe kipimo cha 124.

Jambo jingine ni mdomo wa ganda. Kajaze risasi moja isiyo na fataki (kiwashio cha kitakoni mwa ganda) wala baruti, kisha king'oe kichwa chake kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Ukikuta kichwani pete inayong'aa ambapo rangi imekwanguliwa, tatizo ni mashine yako. Vichwa hivi huwa inchi 0.356, vinene kidogo kuliko 0.355 vya koti la shaba. Panua mdomo zaidi kidogo kabla ya kukalisha, halafu ubane kuondoa ule upana tu. Mdomoni nilikuwa nikipima kati ya inchi 0.378 na 0.380. Ukibana kupita hapo unakata rangi na kukondesha kichwa, gesi inapita pembeni, madini yanaganda mtutuni, moshi unaongezeka. Na kitambaa cheupe chenye asetoni kikisuguliwa kichwani kikatoka na rangi nyingi, rangi haikuiva ovenini. Virudishe kwa muuzaji.

Feni ya banda ikiwa mbovu, dai itengenezwe. Mle ndani unavuta vumbi la madini ya risasi, linalotoka hata kwenye fataki za kawaida. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo za shabaha zisifuliwe pamoja na za watoto.

Ukirudi nyumbani Uganda, mashine iache huko. Sheria yetu ya silaha ya 1970 haimruhusu raia kujitengenezea risasi bila kibali. Hapa kazi hiyo ni ya viwanda kama Luwero Industries kule Nakasongola.

Niandikie jina la baruti yako, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu, na uweke picha ya maganda kwa ubavu. Nikiona masizi yalivyokaa nitakwambia uanzie wapi.