Joka la Welisi na mijusi wa Saanane

Maswali ya wasomaji kuhusu uchoraji. Anajibu fundi wa mabango na majina ya mitumbwi, Kirumba, Mwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Binamu yangu anasoma Cardiff, mji mkuu wa Welisi, ile nchi ya Gareth Bale. Ameniingiza kwenye chalenji ya kuchora kila siku mwezi mzima wa Machi, kusherehekea utamaduni wa Wawelisi, kwa kuwa tarehe 1 Machi ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Daudi wao. Kila siku ina neno lake: joka, mashua, kijiko, ngome, msafiri, na kuendelea. Mimi hata Kigongo sijavuka. Nanakili picha za kwenye simu, na kila ninachochora kinatoka kimekufa. Halafu siku ya "msafiri" binamu anataka nimchore Stanley, yule mpelelezi Mzungu wa zamani, eti ni mtu wa huko na alifika kwetu. Babu kasikia, kanuna mpaka leo. Nifanyeje? (M., Nyamanoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo simu itazame mara moja ujue kitu kikoje, kisha izime. Picha imeshaamua mwanga utoke wapi na kitu kionekane kwa upande gani, wewe unabaki karani wa kunakili. Tafuta kitu cha karibu unachoweza kukizunguka kwa miguu yako.

Chukua hilo joka. Bendera ya Welisi ni nyeupe juu, kijani chini, na juu yake kuna joka jekundu lililoinua mguu mmoja wa mbele. Imekuwa bendera rasmi tangu mwaka 1959. Wenzako wengi watalinakili lilivyo. Wewe una bahati ambayo mtu wa Cardiff hana. Vuka uende kisiwa cha Saanane, na kama nauli inasumbua, mawe ya Capri Point yanatosha. Nenda asubuhi jua likishapasha mawe moto. Utamkuta yule mjusi dume, kichwa na mabega mekundu, kuanzia hapo kwenda chini bluu iliyokolea. Kaa chini, usitikisike. Atainua kifua, atakishusha, atakiinua tena, anawatangazia wenzake kwamba jiwe lina mwenyewe. Mtazame kiwiko: kimetokeza nje kabisa, kimepanda karibu usawa wa mgongo, vidole vimeachana na kila ukucha una mwanya wake wa jiwe. Chora mguu huo peke yake, ujaze ukurasa. Ukishajua uzito wa mwili umekaa wapi, mabawa na ulimi wa mshale utaongeza nyumbani bila shida.

Mashua nayo usiende kuchora jahazi. Wawelisi wana chombo cha mtoni kinachoitwa coracle, cha mtu mmoja, karibu mviringo. Mbavu zake ni fito nyembamba zilizopindwa, juu yake zamani palifunikwa ngozi, baadaye kitambaa kilichopakwa lami. Hakina mkuku, kwa hiyo ukizembea kinazunguka tu. Mvuvi anashika kafi moja na kukoroga maji mbele yake kwa umbo la tarakimu nane. Katika mito ya Teifi na Tywi wavuvi walikwenda wawili wawili, kila mmoja na chake, wavu ukiwa katikati yao. Kazi ikiisha, mtu anapitisha mkanda kifuani, anakibeba mgongoni na kuondoka. Ukimtazama kwa nyuma unaona miguu tu, kama kobe aliyesimama.

Mchore huyo anayetembea. Miguu yake ipo Mwaloni. Nenda pale makuli wanapopakia magunia ya dagaa kwenye malori. Angalia mtu akiwa katikati ya ubao: ubao umebonyea, kisigino cha nyuma kimenyanyuka, shingo imezama mabegani, goti la mbele halinyooki kabisa. Hapo ndipo mzigo unapoonekana, hata usipochora gunia. Halafu nunua hata kifungu cha dagaa, kwa sababu ukisimama pale na daftari bila kununua kitu watakuuliza umetumwa na nani.

Kijiko ni cha mapenzi. Kijana alikichonga kwa mti mmoja ampelekee msichana, na mpini wake una mioyo, minyororo, hata gololi za mti zinazochezacheza ndani ya kizimba, vyote bila gundi wala kiungo. Kimoja kilichopo kwenye makumbusho ya St Fagans, karibu na Cardiff, kimeandikwa mwaka 1667. Azima mwiko jikoni kwa mama, jifunze kivuli cha ile sehemu iliyobonyea. Mnyororo uache mwisho.

Ngome, mimi zinanichosha. Chora mnara ulioinama wa Caerphilly, kisha ukalale. Ila ujue kwamba ngome kubwa za Conwy na Caernarfon zilianzwa mwaka 1283 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyekuwa ametoka kuwashinda Wawelisi. Leo wanazionyesha kwa fahari. Urithi wa watu una mambo hayo, na ndiyo maana swali la Stanley si dogo.

Ni kweli alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Welisi, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands, na sehemu ya utoto wake aliishi kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1875 alifika Kageye, hapo Ghuba ya Speke, akalizunguka ziwa letu la Nyanza (Viktoria) lote kwa mashua yake, Lady Alice. Babu yako ananuna kwa sababu ya yaliyofuata. Agosti mwaka huohuo alikwenda kisiwa cha Bumbire, upande wa Muleba, akawamiminia risasi watu waliokuwa ufukweni. Habari hizo aliziandika mwenyewe, zikasomwa magazetini Ulaya, na huko pia wapo waliomlaani. Sanamu yake iliwekwa Denbigh mwaka 2011. Miaka 10 baadaye wakazi wakapiga kura iondolewe au ibaki, ikabaki.

Kwa hiyo sura yake iache. Ile mashua iliundwa kwa vipande ili ibebeke, na ilibebwa na watu kutoka Bagamoyo mpaka ziwani. Chora kipande kimoja cha mashua kwenye nchi kavu, porini, na mabega yaliyo chini yake. Mabega umeshajifunza Mwaloni. Kwenye maelezo ya chini andika "Lady Alice, 1875", binamu ataelewa, na Babu mwonyeshe kabla hujaituma.

SWALI: Fundi, kwa nini vijana wachore vya Welisi na vya kwetu vimejaa? (F., Nansio)

JIBU: Vya kwetu navyo vichorwe, nani kakataza? Mwezi Juni kuna Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, pale Bujora, makundi ya Wagika na Wagalu wanashindana kwa ngoma. Wawelisi wana mashindano yao ya washairi, Eisteddfod, ambayo mshindi hupewa kiti. Aliyezoesha mkono wake mwezi Machi, Juni atakuwa na mkono mwepesi wa kumkamata mchezaji kabla hajageuka. Lete kijana wako, ila aje na penseli yake.

SWALI: Mvua zikianza karatasi zangu zinalegea na wino unasambaa. Nipo karibu kabisa na maji. (J., Igombe)

JIBU: Acha kaunta buku. Nunua manila nyeupe, ikate vipande, uviweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Chora kwa biki, wino wake hausambai ukipata unyevu. Peni za maji zisubiri kiangazi.