Buibui wa Legend of Grimrock wananimaliza: jibu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Buibui wa sumu wa gemu ya kompyuta Legend of Grimrock wamekumalizia kikosi chote cha wahusika wanne, na unauliza uendelee au uache. Usiache! Mie walinikwamisha hao hao, nipo Wete, mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Kwanza tazama unaposimama. Gemu hii ya 2012 huenda kwa miraba, yaani unatembea mraba kwa mraba, kama gemu ya zamani Dungeon Master ya 1987, basi usisimame mkatazamana uso kwa uso. Piga, chepuka mraba mmoja. Akigeuka kukufuata, piga tena, chepuka. Lakini uwanjani, si ujiani, ukibanwa ukutani umekwisha. Wenye silaha nzito waweke mbele. Akifa mtu, mpeleke kwenye jiwe la buluu linalong'aa, linafufua. Nami nililipita mara tatu nikidhani pambo.