Kwanza uliza uwanja uko mtaa gani

Swali lenu la juma: je, michezo inaweza kuwaunganisha watu waliogawanyika? Inaweza, lakini kwanza tujue uwanja uko mtaa gani, basi la wageni linapita wapi, na nani mwenye kura ya kuruhusu mechi. Mfano wangu ni kisiwa cha Ireland, mwaka 1972: kusini ni Jamhuri huru, kaskazini iko chini ya Uingereza, na huko kaskazini kulikuwa na mapigano, Wakatoliki wengi wakitaka kuungana na kusini, Waprotestanti wengi wakitaka kubaki na Uingereza.

Januari 30, askari wa miavuli wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Derry, Ireland ya Kaskazini; 13 wakafa siku ileile. Siku tatu baadaye ubalozi wa Uingereza mjini Dublin ukateketezwa. Chama cha raga ni kimoja kwa kisiwa kizima, hivyo Mkatoliki wa kusini na Mprotestanti wa Belfast waliendelea kuvaa jezi moja. Msimu huo waliwashinda Ufaransa ugenini, kisha England ugenini, wakabakiza mechi mbili za nyumbani. Scotland na Wales wakakataa kwenda Dublin kwa kuhofia usalama, na Mataifa Matano, michuano ya raga ya nchi hizo tano, ikaisha bila bingwa. England walikwenda mwaka uliofuata, wakafungwa 18-9, na bado wakashangiliwa kwa kuthubutu tu kufika.

Mary Peters, Mprotestanti wa Belfast, alitwaa dhahabu ya pentathloni (riadha ya michezo mitano) kwenye Olimpiki ya Munich mwaka huohuo kwa pointi 4,801, rekodi ya dunia, akimzidi Mjerumani Heide Rosendahl kwa pointi 10. Alitishiwa kuuawa, akarudi nyumbani vilevile. Mwanariadha wa peke yake hahitaji kibali cha ligi.

Michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ireland, ambayo ni utamaduni kama ilivyo michezo, haikuwa daraja hata kidogo: Kanuni ya 21 ya chama chake iliwazuia polisi wa Ireland ya Kaskazini na askari wa Uingereza kuwa wanachama, na haikufutwa hadi 2001.

Ila funzo kubwa liko kwenye soka, penye vyama viwili tangu 1921. Derry City walicheza ligi ya kaskazini, na uwanja wao, Brandywell, umepakana na Bogside, mtaa wa Wakatoliki. Septemba 1971 vijana waliteka basi la Ballymena United na kulichoma. Klabu nyingine zikagoma kwenda huko, na Derry wakalazimika kucheza mechi za "nyumbani" Coleraine, kilomita kama 50. Mashabiki wengi hawakuwafuata, na bila viingilio klabu haina mishahara. Vyombo vya usalama viliposema Brandywell haina hatari zaidi ya viwanja vingine, klabu za ligi zilipiga kura kama Derry warudi kucheza huko, na Derry wakashindwa kwa kura moja. Oktoba 13, 1972 wakajitoa kwenye ligi.

Walikaa miaka 13 bila soka la ngazi ya juu. Mwaka 1985 walikubaliwa kwenye ligi ya Jamhuri, ng'ambo ya mpaka. Brandywell ikajaa tena, na ulinzi wa uwanjani ukashikwa na watu wa klabu wenyewe, si polisi.