Shule ya chata haina ada: je, ina ubora?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa miaka 13 amehitimu Darasa la Saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi, na anajiandaa kwenda kuishi na mjomba wake huko Minneapolis, Marekani. Shule aliyotafutiwa ni ya chata, yenye darasa la sita hadi la nane. Nimeambiwa haina ada, nami nimezoea kuona shule nzuri ikilipiwa. Binamu yake anayesoma hapo anasema wanafunzi hutembea kwa mstari bila kuzungumza, ila walimu hubaki nao jioni hadi waelewe hisabati. Nitaujuaje ubora wa shule hiyo nikiwa huku?
Mama Neema, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Suala la ada lisikutie hofu. Shule ya chata ni shule ya umma inayoendeshwa kwa fedha za kodi, na waombaji wakizidi nafasi zilizopo, huchaguliwa kwa bahati nasibu, si kwa mtihani wa kujiunga kama tulivyozoea katika shule binafsi za hapa kwetu. Tofauti yake na shule nyingine za umma ni kwamba bodi yake huiendesha kwa hati ya mkataba, ndiyo hiyo chata, inayoipa uhuru mkubwa zaidi wa kuajiri walimu na kupanga ratiba. Isipotimiza ilichoahidi, mkataba huweza kusitishwa na shule ikafungwa. Neema anakwenda kwenye chimbuko lake hasa, kwa kuwa Minnesota, jimbo ulipo mji wa Minneapolis, ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizo, mwaka 1991.

Hata hivyo, jina la chata peke yake halithibitishi ubora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuta mwaka 2009 kwamba asilimia 17 tu ya shule za chata walizozichunguza zilifanya vizuri zaidi katika hisabati kuliko shule za kawaida, huku asilimia 37 zikiwa nyuma. Taarifa yao ya mwaka 2023 ilionyesha wanafunzi wa chata wakiwa wametangulia kidogo kwa wastani. Huko Boston, watoto walioshinda bahati nasibu ya shule hizo walipiga hatua kubwa katika hisabati kuliko wenzao walioikosa.

Ndiyo maana nayapa uzito maneno ya binamu yake. Nidhamu ya mistari na ukimya ni ya kawaida katika shule nyingi za chata za mijini, na imeleta mabishano makali, kwa sababu baadhi yake zimekuwa zikiwasimamisha watoto masomo kwa makosa madogo. Mwulize mtoto huyo, kwa upole na mkiwa peke yenu kwenye simu, mwenzake akikosea hufanywa nini, na akishindwa somo nani humfuata. Mwalimu anayebaki jioni na mtoto aliye nyuma ni ushahidi ambao hauonekani katika wastani wa matokeo.

Sisi wazazi wa Kilimanjaro tunaujua mchujo. Shule hutangaza daraja la kwanza tupu, na hakuna anayeuliza walikokwenda wale walioanza Kidato cha Kwanza wakaambiwa wastani wao hautoshi. Jambo hilo linaniuma, na ningependa uliulize na huko pia: kati ya watoto walioanza darasa la sita, wangapi wamefika la nane? Sheria ya Marekani inataka wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka, na matokeo ya kila shule hutangazwa. Kaka yako ayatazame ya miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja.

Kwa Neema, aliyesoma masomo yake kwa Kiswahili, lugha ndiyo kubwa kuliko yote. Shule za umma huko, za chata zikiwemo, zinawajibika kisheria kumsaidia mwanafunzi ambaye bado anajifunza Kiingereza, lakini namna ya kumsaidia hutofautiana sana kati ya shule na shule. Kabla ya kumwandikisha, kaka yako aende shuleni akaulize ni mwalimu yupi atakayemfundisha Kiingereza, kwa saa ngapi kwa wiki, na kama atatolewa darasani wenzake wakiwa kwenye hisabati.