Kugombea Udiwani na Hukumu ya Takrima

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, na wazee wa kata yetu wameniomba nigombee udiwani. Ninaamini kwamba uongozi ni amana na kwamba raia ana wajibu wa kumsimamia anayemwongoza, lakini nimesikia kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuomba uongozi. Isitoshe, wapambe wamekwisha kuninunulia doti za khanga na sukari za kuwapa wajumbe wa chama kabla ya kura za maoni za kumteua mgombea, wakidai kuwa bila ya takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, sipiti. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hadithi uliyoisikia ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) alimuusia swahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo peke yake, na anayepewa bila ya kuuomba husaidiwa. Hata hivyo, Nabii Yusuf (a.s.) alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akitaja kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi (Qur'ani 12:55). Wanazuoni wengi wamezioanisha dalili hizi kwa kusema kuwa katazo linamhusu anayekitamani cheo kwa ajili ya nafsi yake au asiyekiweza. Ama mwenye uwezo aliyechelea haki za watu zisije zikapotea, huyo hana lawama. Wewe wazee ndio waliokufuata, basi jipime kwa ukweli, maana hata swahaba Abu Dharri, pamoja na uchamungu wake, aliambiwa na Mtume kuwa ni dhaifu kwa jambo hili.

Linalonitia hofu hasa ni hizo khanga. Mtume (s.a.w.) alimlaani mtoa rushwa na mpokeaji, na Ibn al-Lutbiyya aliporudi kutoka kukusanya zaka akasema, "Hii ni yenu, na hii nimezawadiwa," Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfikia. Nawe jiulize: kama usingekuwa mgombea, mjumbe huyo ungempelekea doti? Hata katika sheria ya nchi yetu, Tanzania, vifungu vilivyoruhusu takrima, vilivyoingizwa mwaka 2000, vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006.

Umesema raia ana wajibu wa kumsimamia kiongozi. Mjumbe uliyemlipa atakusimamia vipi, siku atakapokuja kukuuliza kwa nini zahanati ya kata haina dawa? Naye aliyetumia mali kuingia katika baraza la madiwani, zabuni za halmashauri zitakapofika mbele yake, atashawishika kufidia alichotoa.

Kwa hiyo gombea, useme uwezo wako kama alivyousema Yusuf, na usigawe kitu. Khanga hizo zirudishwe dukani. Mwenye duka akikataa, ziuzwe na kila aliyechangia arudishiwe chake, hasa akiwa ni mkandarasi au mfanyabiashara anayetarajia fadhila kwako. Ukishindwa kwa sababu hukugawa, huna dhambi, na wajibu wako wa kumfuatilia atakayeshinda unabaki palepale.

Wallahu aalam.