Laptopu kuzima katikati ya gemu: soma joto kabla ya kushika bisibisi

Ndugu wa Kisauni, umesema laptopu yazima pap baada ya dakika 20 hivi za gemu, mchana zaidi kuliko usiku, na fundi ashataka ubadilishe ubao mkuu (motherboard) mzima. Usitoe pesa bado. Kuzima ghafla si lazima iwe joto, na hata ikiwa joto, ubao ndio wa mwisho kushukiwa.

Pakua HWiNFO64, programu ya bure ya kusoma joto la mashine. Fungua upande wa sensa peke yake, bonyeza kitufe cha kurekodi ili iandike faili ya CSV (jedwali la vipimo), kisha cheza mpaka izime. Ukiwasha tena, angalia mistari ya mwisho ya faili: hapo ndipo jibu lilipo. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha digrii 100, za AMD kati ya 95 na 105, na kadi za picha za NVIDIA za laptopu huanza kujizuia karibu na 87. Prosesa ikifika kikomo hupunguza kasi yenyewe kwanza, kwa hivyo joto la kweli hujitangaza: fremu (picha kwa sekunde) zaanguka kutoka 60 hadi 25, zapanda, zaanguka tena, ndipo mashine izime. Ikizima huku prosesa iko 75 na gemu lilikuwa laini, achana na feni, tazama umeme. Na ukikuta kosa la Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, usibabaike. Yasema tu kwamba mashine ilikatika bila kufungwa vizuri, haisemi kwa nini.

Umeme maana yake chaja. Laptopu ya gemu mara nyingi hutaka wati 150 hadi 230. Soma lebo, zidisha volti kwa ampea: 19.5 mara 9.23 ni wati 180. Chaja ya mtumba yenye pini inayoingia si lazima iwe na nguvu hiyo. Dalili yake ni asilimia ya betri kushuka ilhali umechomeka. Betri ikiwa imechoka nayo, haiwezi kuziba pengo, mashine inakata. Padi ya kugusa (touchpad) ikiwa imeinuka, betri imevimba: usiichaji tena, itolewe.

Sasa, ikiwa ni joto. Chumba kikiongezeka digrii 6, prosesa nayo hupanda karibu hizohizo, ndiyo maana kaskazi ya Januari hadi Machi huumbua laptopu zilizokuwa zikivumilia wakati wa kusi. Vumbi la pwani nalo lina tabia yake: unyevu huligandisha likawa kama sufi, na halikai kwenye mapanga ya feni bali nyuma yake, kati ya feni na vibati vyembamba vya kutolea joto. Kupuliza kutoka nje hulisukuma tu ndani zaidi. Toa kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu chochote, fungua feni, kisha lichambue hilo blanketi kwa brashi laini. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kijiti cha meno, maana ikizungushwa kwa kasi isiyo yake beringi huharibika. Nyumba ikiwa karibu na bahari, angalia kama kuna ukungu wa kijani au mweupe kwenye shaba na soketi. Hiyo ni kutu ya chumvi.

Pesti ya joto, ile iliyo kati ya chipu na shaba, ikikauka, feni mpya haisaidii kitu. Legeza skrubu za mirija ya shaba kidogokidogo kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake. Pangusa pesti kuukuu kwa alkoholi ya aizopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi. Chipu ya laptopu iko uchi, haina kofia ya chuma, kwa hivyo pesti iifunike yote kwa tabaka jembamba mpaka pembeni. Chagua pesti nzito, kwa sababu ile nyepesi husukumwa nje kila chipu inapopata moto na kupoa.

Wengi huharibu kwenye zile padi laini za mraba za kupitisha joto. Mahali pa milimita 1 ukiweka 2, shaba huinuka na haigusi chipu sawasawa: utaona digrii 100 ndani ya sekunde chache. Laptopu ikitoka kwa fundi ikiwa mbaya kuliko ilivyoenda, anzia hapo. Na ukikuta kimiminika cha rangi ya fedha badala ya pesti, usiguse, rudisha kifuniko. Ni metali, na tone moja likimwagika ubaoni ni shoti.

Bila kufungua chochote, zuia fremu za gemu zisizidi 60 na uweke kiwango cha juu cha prosesa kuwa 99% katika mpango wa umeme wa Windows. Hapo kwa kawaida ile kasi ya ziada ya prosesa (turbo) huzimika, na joto hushuka vizuri bila gemu kuhisi sana. Inua nyuma sentimita 2 au 3, vizibo vya soda vyatosha kwa jaribio. Usichezee juu ya godoro. Ukitoka nayo chumba cha AC kuelekea barazani, iache imezimwa nusu saa, maana hewa yetu hutoa jasho juu ya chuma baridi.

Fanya hilo la CSV leo mchana, saa nane hivi, kisha weka hapa joto la mistari ya mwisho pamoja na namba za lebo ya chaja.